Kutu Ipewe Haki Yake

Gari likishapandishwa jeki chini ya mwarobaini, gurudumu likatolewa na nati ya tairodi endi, kiungo cha usukani, ikagoma, matusi yanayofuata hugusa ukoo mzima. Hutukanwa nati, hutukanwa spana, hutukanwa aliyeuza gari. Hakuna anayekumbuka kwamba kilichoishika nati hiyo, kutu, kimefanya kazi miaka mingi usiku na mchana bila mshahara wala likizo, tena bila kuombwa.

Na kutu haikuokotwa njiani. Sayari ya Mirihi ina wekundu wake kwa sababu vumbi lake limejaa oksidi za chuma, jamaa wa karibu wa kile kinachomganda fundi vidoleni. Hapa duniani inadai vitu viwili tu, maji na oksijeni. Ikiongezewa chumvi inashangilia, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na ulaji wa chuma ni kazi ya umeme mdogo usioonekana. Ndiyo maana imejenga makao yake Mombasa, Tanga na Unguja. Zamani pwani hii iliinyima ajira: mafundi wa vyombo vya mitepe walishona mbao kwa kamba za makumbi na kuzikaza kwa vigingi vya mti, bila misumari ya chuma. Sasa inalipiza kwa Corolla.

Wala haisubiri meli itie nanga. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, na yaliyoishi kaskazini, Hokkaido, yamepita majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Mwenye gari hulipia ushuru wa gari zima. Kutu ya uvunguni huingia bure.

Uwezo wake wa kushika ni wa kustahiwa. Chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa, na katika upenyo finyu wa thredi, pale loki nati inapoibana tairodi endi kwenye raki endi, hakuna pa kutanukia. Kwa hiyo hujaza na kukaza. Kiwandani walikaza kwa kipimo, kutu ikaongeza yake.

Upande wa pili wa endi hiyo, hata hivyo, mwenye kusifu hana budi kupunguza sauti. Pale kuna kijiti cha chuma kilichochongwa kikawa chembamba kuelekea kwenye nati, nacho hukaa ndani ya tundu la umbo hilohilo kwenye mkono unaogeuza gurudumu. Kinachoshika hapo hasa ni umbo: chuma kimebana chuma. Kutu imefika baadaye na kujitwalia sifa, kama mheshimiwa anayekata utepe wa daraja aliloliona asubuhi ileile.

Asiyelijua hilo hupiga kijiti kichwani mpaka thredi zinafumuka, na kijiti hakijasogea. Anayelijua hutia mafuta ya kupenya jioni, akaenda kulala. Kesho yake hulegeza nati lakini haitoi yote. Huiacha imeshika thredi chache ili endi isiruke. Kisha huegemeza nyundo nzito upande mmoja wa tundu na kupiga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Hapigi kijiti, anapiga mkono wenye tundu. Tundu hupoteza umbo kwa kufumba na kufumbua, kijiti kikaachia na kudondokea kwenye nati iliyobakizwa. Uma wa kutenganishia ni wa haraka zaidi, ila huchana mpira unaozuia vumbi, basi wafaa kwa endi inayokwenda kutupwa. Moto wa gesi nao una hesabu yake: tundu la milimita 14 likiongezewa joto la nyuzi 300 hupanuka kwa takriban milimita 0.05. Kidogo hicho kinatosha kuvunja kutu. Kinatosha pia kuyeyusha mpira na kuchoma grisi.

Heshima ya kutu ilifika hadi kwa watengenezaji wa makombora. Mwaka 1953, huko San Diego, kampuni ndogo iitwayo Rocket Chemical ilihangaika kupata dawa ya kufukuza maji ili kutu isimguse Atlas, kombora la masafa marefu la Marekani. Kwa simulizi ya kampuni yenyewe, jaribio la 40 ndilo lililofaulu, na namba hiyo ikabaki kwenye jina: WD-40. Silaha ya kutisha dunia nzima ilikuwa na woga wake, na woga wenyewe ni wa kutu hiihii iliyoshika tairodi endi uani.

Kutu ina huruma pia. Kubadilisha oili hakumfikirishi mtu, lakini nati iliyogoma humlazimisha kusimama, kutafuta stendi badala ya kuamini jeki peke yake, kuhesabu mizunguko ya endi ya zamani inapofunguliwa ili mpya ifungwe mpaka palepale, na kununua kotapini mpya ya kuzuia nati badala ya kunyoosha ile ya zamani. Bado atalazimika kupeleka gari likapimwe alaimenti.

Endi iliyong'olewa huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, anayenunua kwa kilo. Karibu theluthi ya uzito wa kutu si chuma. Ni oksijeni na maji. Kwa hiyo kiasi fulani cha anacholipia ni hewa ya Tanga.