Mwezi Tuliofunga Mara Mbili

Kopo liliingia Chumbageni mwishoni mwa Shaabani, limeviringishwa ndani ya doti ya kanga ili lisigongane na chupa za udi. Shangazi alikuja Tanga kutoka Maskati na masanduku mawili, na kama ilivyo ada ya wageni wa Maskati, sanduku la kwanza lilikuwa lake na la pili letu sote. Tukapata halua, tukapata tende, watoto wakapata saa zinazowaka taa. Kopo akakabidhiwa Mama, mbele ya watu, kwa maneno mafupi: "Wifi, hii hapa mifupa yako."

Lilikuwa kopo jeupe, kubwa kama la maziwa ya unga. Kifuniko chake unakibonyeza kwanza ndipo unakizungusha, hila iliyowekwa ili watoto wasifungue. Watoto hawakufungua. Mimi nami sikufungua, mara mbili, mke wangu akinitazama. Mama, ambaye mwaka mmoja nyuma aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, alilikandamiza kwa kiganja cha mkono uleule, kopo likatii.

"Mmeona?" akasema. "Hata sijameza."

Niseme haki ya Shangazi kabla sijamsema. Huko alipimwa damu akaambiwa vitamini D imemshuka, nasi tukacheka: Maskati, jua linalokausha papa, mtu akose kitu kinachotokana na jua! Lakini ndivyo mambo yalivyo katika nchi nyingi za Ghuba. Joto linawafungia watu ndani ya nyumba na magari yenye viyoyozi, wakitoka wamejisitiri, na ngozi isiyofikiwa na jua haitengenezi vitamini hiyo. Nayo ikipungua, utumbo hauichukui vizuri kalsiamu hata ukila kapu zima. Shangazi alistahili vidonge vyake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba upungufu huo ni wa ukoo, na sisi tunaoanika nguo na muhogo juani tunao.

Alirudi Maskati kabla ya mwezi kuandama. Kopo likapanda kwenye kabati la vioo, katikati ya birika la wageni na vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai tangu nizaliwe. Na Ramadhani ilipoingia, Mama akawa bwana dawa. Vidonge viwili baada ya futari, viwili baada ya daku, kila mtu mzima, hakuna kusamehewa. Watoto walipewa robo, "ya baraka". Aliyekataa alisomewa historia ya ule mkono, kuanzia kwenye sabuni iliyosahaulika sakafuni hadi kwenye plasta, na ilikuwa nafuu kumeza.

Mmoja tu ndiye aliyenyimwa: shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza ya miezi mitano. "Mjamzito halishwi madawa ya makopo," Mama alitoa hukumu, akamnunulia udongo wa pemba wa kumung'unya. Nakuomba msomaji umkumbuke shemeji huyu na udongo wake, tutamrudia.

Funga ya kwanza ilikuwa ya saumu. Ya pili ilianza kama siku ya tano hivi, na ilikuwa ya choo.

Nyumba yetu ina choo kimoja na watu wazima sita. Kwa kawaida ugomvi wetu ni wa foleni alfajiri. Sasa foleni ikatoweka. Ukienda, mlango uko wazi, bomba limekauka, hapana mtu. Mwanzoni tuliona raha. Halafu mdogo wangu akaingia baada ya daku na simu yake, akatoka imeisha chaji na hana cha kueleza. Mke wangu alianza kupika futari zenye papai, papai ndani ya kila kitu. Mjomba, kaka yake Mama, alikaa barazani akiushikilia mkanda wa suruali yake kwa heshima ya mtu aliyebeba siri. Hakuna aliyelisema kwa sauti, maana watu wazima wa Kitanga hawazungumzii choo mezani, na kwa hiyo kila mmoja wetu aliamini ni yeye peke yake. Kalsiamu kaboneti inafunga choo. Hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya kopo, karatasi ambayo Mama alishaitoa na kuitandika chini ya sinia la kaimati ichuje mafuta.

Mama mwenyewe alikuwa na dalili nyingine. Kiu. Kuanzia futari mpaka daku alikunywa maji kama mtu aliyetoka kuvuka Nyika, akaamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Tukasema ni funga. Akawa anasahau. Siku ya kumi na tatu alitia chumvi kwenye uji wa futari badala ya sukari, tukanywa kimya kimya. Ya kumi na tano akatia tena. Tukasema ni umri. Ana miaka 71. Ramadhani ni mwezi wa kusamehe, lakini pia ni mwezi unaoficha maradhi: kiu ni ya kila mtu, uchovu ni wa kila mtu, nani atamtambua mgonjwa?

Aliyetambulika ni Mjomba, maana alipiga kelele.

Ilikuwa usiku wa kumi na nane, saa nane na ushei. Mjomba hali daku. Huamka tu, hunywa funda mbili, hulala. Mwaka huu aliamka kumeza vidonge vyake viwili kwa funda hizohizo mbili, tumbo tupu, akashinda na kiu saa kumi na tatu, na hivyo siku baada ya siku. Usiku ule maumivu yalimshika kiunoni yakashuka hadi kinenani, akatambaa hadi sebuleni akituusia. Alitaja madeni yake, kisha akataja wanaomdai yeye, kisha akayachanganya. Tukampakia kwenye bajaji, mimi nimemshika mabega na mdogo wangu amening'inia nje, na kila tuta la barabarani Mjomba alileta shahada.

Kwenye hospitali tuliyompeleka, daktari wa zamu aliuliza, "Mzee, unatumia dawa yoyote?"

"Situmii dawa," Mjomba akajibu kwa fahari. "Nameza kalisi tu."

Kipimo cha picha kilionesha jiwe dogo limekwama kwenye mrija wa mkojo. Daktari hakukubali kukitupia lawama kidonge peke yake. Mjomba alishawahi kutoa jiwe miaka ya nyuma, na mtu asiyekunywa maji mkojo wake unakuwa mzito kama supu. Jiwe lilitoka lenyewe siku ya pili. Mjomba akalihifadhi kwenye kiberiti, akawa anawaonesha wageni wa Idi baada ya biriani.

Siku mbili kabla ya Idi alifika binti wa kaka yangu, anayesoma ufamasia Muhimbili, mwaka wa tatu. Alimwamkia bibi yake, akaona kopo kabatini, akaona jiwe kwenye kiberiti, akaomba daftari.

"Bibi, naomba tuhesabu."

"Hesabu gani mjukuu wangu? Vimebaki vingi."

"Si vidonge. Wewe."

Nimeshuhudia wakaguzi wa mahesabu ofisini kwetu, sijaona aliyemkagua mtu kama binti yule. Kopo lilikuwa na namba mbili: 1,500 kwa maandishi makubwa na 600 kwa madogo. Kubwa ni uzito wa kaboneti nzima, ambayo kalsiamu yake ni asilimia 40 tu. Ndogo ndiyo kalsiamu yenyewe, miligramu 600. Vidonge vinne: 2,400. Akauliza maziwa. Mama hunywa glasi mbili kila usiku, Tanga ni mji wa maziwa na hakuna Ramadhani itakayomtenga nayo: kama 600. Uji wa ulezi, nafaka yenye kalsiamu kupita mahindi na mchele mara nyingi: zaidi ya 100. Halafu binti akauliza, polepole, kuhusu kiungulia.

"Aa, hicho nina vidonge vyake. Vile vya kutafuna, vitamu, aliniachia wifi. Vitatu kila siku, kwa sababu ya bajia."

Binti akavisoma. Kaboneti ileile, kwa sura ya peremende: 600 nyingine. Jumla 3,700, kabla hatujahesabu dagaa wanaoliwa na miiba yao, na kabla hatujaigusa ile chokaa anayopaka kwenye tambuu, ambayo nayo, binti alisema akijizuia kucheka, ni kalsiamu ya namna yake. Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kama 1,200 kwa siku, kutoka vyanzo vyote, na akipita 2,000 anatafuta matatizo. Mama alikuwa anajijenga kwa ndani kama nyumba ya mji mkongwe, mawe na chokaa.

Tukampeleka kupima damu. Kalsiamu imepanda juu ya mpaka, si kwa kutisha. Akaambiwa asimamishe vidonge vyote, anywe maji, arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi kiwango kilikuwa kimeshuka, naye usiku anaamka mara moja tu, na chumvi imerudi kwenye mchuzi.

Lakini hakukubali kirahisi. "Kwa hiyo Wazungu wanauza uongo?"

Hapo binti alipata kazi, maana jibu si ndiyo wala hapana. Akamweleza habari za Ufaransa, mwaka 1992: wanawake 3,270 wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 84, walipewa wengine kalsiamu miligramu 1,200 na vitamini D yuniti 800, wengine vidonge vitupu. Miongoni mwa waliofika mwisho wa miezi 18, waliopata dawa walivunjika nyonga pungufu kwa asilimia 43. Mama akatutazama kwa ushindi. Kisha akamweleza habari za Marekani, mwaka 2006: wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha koma hedhi, wanaojiendea na shughuli zao, miaka saba ya vidonge. Mifupa ya nyonga ikanenepa kidogo, kuvunjika kwa nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Mjomba akakitikisa kiberiti.

"Wale wa Ufaransa walikuwa hawatoki sana nje, Bibi, na chakula chao kilikuwa na upungufu. Wewe unakwenda sokoni kila asubuhi na unakunywa maziwa. Wewe ni wa Marekani."

"Mimi si wa Marekani," Mama alisema, amekasirika kweli.

Palikuwa pia na habari za moyo. Mwaka 2010 watafiti wa Auckland, New Zealand, walijumlisha majaribio kadhaa ya vidonge vya kalsiamu wakaona mshtuko wa moyo umezidi kwa kama asilimia 30 kwa wanaovimeza. Wenzao wakawapinga, na ubishi unaendelea mpaka leo. Mimi nisingemwambia mtu mwenye presha jambo ambalo mabingwa bado wanagombania, ila binti alikuwa kijana na amesoma. Mama alishika kifua kwa siku mbili.

Alichokubali ni hili la mkono: kwamba mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu katika umri wake unastahili kupimwa uzito wake kwa mashine, na ukionekana umedhoofika, zipo dawa hasa za mifupa, ambazo daktari akizitoa ndipo huangalia kalsiamu ya chakula inatosha au inahitaji nyongeza. Mpaka sasa tunasubiri zamu ya kipimo. Sabuni ya bafuni nimeijengea kikalio, na sakafuni nimetandika mkeka wa mpira. Sitaki sifa, lakini ndani ya nyumba ile hiyo ndiyo dawa pekee ya mifupa isiyofunga choo.

Mjomba yeye alivuka upande wa pili. Aliapa hagusi tena dagaa wala maziwa. Ikabidi binti amkalishe naye: kalsiamu iliyomo kwenye chakula huikamata oksaleti ya mchicha na chai hukohuko tumboni, ikatoka nayo kabla haijafika kwenye figo. Wanaume zaidi ya 45,000 walifuatiliwa Marekani, na matokeo ya mwaka 1993 yalionesha waliokula kalsiamu nyingi zaidi kwenye chakula ndio waliopata mawe machache. Mjomba alirudi kwenye dagaa siku hiyohiyo. Maji ndiyo bado tunamlazimisha.

Na shemeji? Baada ya Idi alikwenda kliniki, mkunga akamuuliza anakula nini, akasikia udongo, akasikitika. Akamuuliza kama ana kalsiamu. Kumbe Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri wajawazito wapewe mahali ambapo vyakula vya kalsiamu ni haba, kwa sababu inapunguza hatari ya kifafa cha mimba. Si habari ya mbali pia: wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza walishiriki jaribio Dar es Salaam, na majibu yaliyotoka Januari 2024 yalisema katika kukinga ugonjwa huo, miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500. Kidonge kimoja, basi. Ila asikimeze pamoja na vidonge vya damu, maana kalsiamu inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Hivi asubuhi, hiki na chakula cha usiku.

Hivyo kopo likahama. Lilitoka kwenye kabati la vioo, Mama akilisindikiza kwa macho kama bibi harusi anayepelekwa mbali, likaingia chumbani kwa shemeji, likawekwa juu ya kabati la nguo. Shemeji ni mwanamke wa hesabu. Aliandika idadi kwenye kalenda, na kila jioni alikata kimoja.

Wiki ya pili hesabu ikakataa. Kimoja kimepungua. Kesho yake, kingine. Watoto wakaapa, na kwa kuwa kifuniko kilikuwa kilekile tukawaamini. Usiku wa Alhamisi shemeji na mumewe walikuwa wamelala kwa wazazi wake, mlango wao umerudishwa tu. Nikiwa kitandani nikasikia kitu kikibonyezwa, halafu kikizungushwa.

"Nani huyo?" nikauliza.

Kimya. Kisha sauti ya Mama, gizani, karibu sana na mlango:

"Paka."