Ombi la Kulegeziwa Bolti za Ndege

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA),
Banana, Ukonga, Dar es Salaam.

YAH: MASHARTI MAGUMU YA SPEA ZA NDEGE NDOGO

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Sisi mafundi wa mabasi wa chini ya mwarobaini hapa Chang'ombe, Dodoma, tuna masikitiko. Tumesikia ndege ya Cessna ikilegea bolti, fundi wake haruhusiwi kukimbilia dukani akanunua nyingine, akaifunga, akaenda kula. Bolti lazima ije na karatasi ya kuonyesha imetoka kwa nani na nani kaipitisha. Fundi awe na leseni, tena alichofunga akiandike kwenye kitabu, atie sahihi. Sahihi, kwa bolti! Kwetu hata injini nzima hubadilishwa kwa kupeana mkono.

Mbaya zaidi, chuma kilichong'olewa kwenye ndege iliyoanguka hakirudi hewani mpaka karakana yenye kibali ikipime nyufa na kukipa cheti upya. Kisichofaa kinatakiwa kiharibiwe kabisa, kisije kikauzwa tena. Huu ni ubadhirifu. Basi likipinduka barabara ya Singida, majeruhi hawajatoka wodini tairodi zake zishapata ajira kwenye basi jingine.

Tunajua mtatutajia shirika la ndege la Partnair. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege yao ya Convair, ikitoka Oslo kwenda Hamburg, ilikatika mkia ikaangukia baharini. Wote 55 walikufa, na wachunguzi wakakuta bolti za mkia zilikuwa feki. Mtatutajia na AOG Technics ya Uingereza, iliyogundulika mwaka 2023 kuuza spea za injini kwa vyeti vya kughushi. Mashirika makubwa yakasimamisha ndege, yakafumua injini kusaka vijichuma vya kampuni moja. Waoga hao. Huku kwetu, tukikuta beringi ya "Japani" yenye maandishi yaliyokosewa, tunaomba punguzo.

Kwa hiyo tunapendekeza ndege ndogo zifuate utaratibu wa barabarani. Injini ikimzimikia rubani juu ya milima ya Chenene, asogee pembeni, aweke matawi ya miti nyuma ya ndege, apige simu kwa fundi. Abiria washuke wasukume. Atakayelalamika aambiwe nauli hairudishwi.

Mkikataa, tuazimeni mkaguzi mmoja tu, yule asiyelala mpaka ajue bolti imetoka wapi. Aje stendi ya Nanenane alfajiri, mabasi yakipakia, aingie uvunguni aulize cheti cha kila tairodi. Asisumbuke na stika ya Nenda kwa Usalama. Ile imebandikwa kwenye kioo, nasi tunafunga vya chini. Aje na daftari nene, na chakula chake, maana hatamaliza basi la kwanza kabla ya adhuhuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi wa Chini ya Mwarobaini,
Chang'ombe, Dodoma.

Nakala: Abiria wa basi la saa kumi na moja, wakifika.