Waraka kwa Watafiti wa Mwaka wa Nne Wanaokuja Longech

Kwenu wanafunzi wa shahada ya kwanza mnaoshuka Kalokol na mafaili ya utafiti kwapani, na kuvuka hadi kwetu Longech, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Na kwenu wasimamizi wao mliobaki Lodwar, Kakamega, Eldoret na Nairobi mkisubiri kusahihisha.

 

Mniwie radhi kwa kuwaandikia hadharani. Ningependa kumwandikia kila mmoja kwa jina lake, lakini wengi wenu madodoso yakishajaa huondoka bila kuacha anwani, na namba ya simu iliyo juu ya barua ya chuo haipokelewi tena mkishatetea kazi zenu. Kwa hiyo nawaandikia nyote, wema na wazembe pamoja, na kila mtu atajijua.

Nianze na sifa, kwa kuwa mnazistahili. Hakuna mtafiti anayeifaa Turkana kuliko ninyi. Profesa kutoka ng'ambo anahitaji gari, mkalimani, ufadhili na miaka kadhaa ya kuzoeana na watu. Ninyi mnahitaji nauli na salamu. Wengine wenu ni watoto wa Kalokol, Lokichar na Kakuma, mnasema Kiturkana cha mama zenu, na mnajua kwamba mama anayeanika samaki hawezi kuketi kujibu maswali kabla hajamaliza kazi yake. Tangu Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana kianze Lodwar mwaka 2017, chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mtoto wa ufuoni anaweza kusomea shahada bila kuihama kaunti ya babu zake. Tulifurahi sana. Tulisema sasa maswali yetu yatapata wenyewe.

Kwa sababu hiyo tunaumia tunapowasikia mkinong'onezana kwamba kazi hii ni mazoezi tu, ya kupata alama na kuvaa joho. Wanangu, kwa heshima zote, kwetu hakuna mazoezi. Mama mnayemuuliza mtoto wake alikufa kwa ugonjwa gani anajibu kwa kweli. Mvuvi anayewatajia deni lake kwa tajiri wa samaki anataja aibu yake mbele ya jirani. Saa mliyoichukua imetoka katika siku yake ya kutafuta riziki. Kama ninyi mnafanya mazoezi, mnayafanya juu ya watu, na watu hao hawakuambiwa.

Nitazame madodoso yenyewe. Yameandikwa kwa Kiingereza, yakatafsiriwa papo hapo na kijana wa sekondari mliyempata gatini na kumlipa soda. Mama anasomewa sentensi ambayo hajawahi kuisema maishani, kisha anatakiwa achague: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Yeye anasema habari ndefu, ya nyavu zilizoibwa na bei iliyoanguka. Ninyi mnatia alama kwenye namba nne. Ile habari ndefu ndiyo iliyokuwa utafiti. Mmeiacha mchangani.

Kisha kuna ile namba 384 ya ukubwa wa sampuli mnayoipenda. Mlifundishwa kuitoa katika jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, na mnaileta kila mahali kama muhuri wa serikali, mkiitetea kwa kuwataja Mugenda na Mugenda, waandishi wa kitabu cha mbinu za utafiti. Ni hesabu halali, nami siibishi. Ila sampuli kubwa haitibu swali bovu. Watu 384 wakiulizwa jambo wasilolijali watawapa majibu 384 ya adabu. Na sura ya tano ya kazi zenu inaishia palepale kila mwaka: serikali ihamasishe jamii, na utafiti zaidi ufanywe. Ufanywe na nani, wakati ninyi ndio mliotumwa?

Msidhani tunauogopa utafiti. Eneo hili limechunguzwa kuliko miji mingi mikubwa, nasi tumeona matunda yake. Mwaka 1984 kule Nariokotome, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kati ya vijiwe, na kikaongoza kwenye mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, anayejulikana duniani kote kwa jina la Turkana. Mwaka 1999 huko Lomekwi, Justus Erus aliona fuvu lililokuja kuitwa Kenyanthropus platyops. Kamoya hakuwa na shahada ya darasani. Alikuwa na macho, subira na heshima kwa ardhi. Hivyo mnapokutana na mzee asiyejua kusoma, msimwandike tu kama mhojiwa namba 17. Huenda yeye ndiye mtafiti, na ninyi ndio wasaidizi wake.

Tumeona pia gharama ya fani zisizosemezana. Magofu yake yako Kalokol, mnapopita mkija kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Norway ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki. Waliojua soko walipiga hesabu za soko, na waliojua ujenzi wakajenga vizuri. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi kikanyamaza: umeme wa kuleta baridi katika joto hili ulikuwa ghali mno, na maji safi hayakutosha. Kisha ukame ukaja, Ghuba ya Ferguson ikakauka, na wafugaji waliovutwa kwenye uvuvi wakajikuta wengi wao hawana mbuzi wala samaki. Wazee walijua kwamba ziwa hili hupanda na kushuka. Mtu wa hali ya hewa angeweza kulisema, mtu wa mifugo angeweza kulisema. Hawakuketi meza moja.

Na ziwa halijaacha kutufundisha. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Mbuga za Kitaifa za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini, hofu kubwa ikiwa bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye mto Omo, unaotuletea sehemu kubwa mno ya maji. Wengi walitabiri ziwa litapungua. Miaka michache baadaye mvua za nyanda za juu zikalijaza, maji yakapanda, yakameza nyumba na mitumbwi ikafungwa palipokuwa na vijia. Hofu ya bwawa haikuwa ya bure, na bado ipo. Lakini anayelitazama ziwa kwa dirisha moja hushtuka kila mara.

Sasa tazameni kinachotokea fani zinapokutana. Njiani kati ya Lodwar na Kalokol zipo nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo masimulizi yetu yanasema ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zilipangwa kufuata nyota, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Mwaka 1982 Robert Soper alipima tena na kutilia shaka hesabu hizo. Baadaye wachimbaji wengine walionyesha kwamba nguzo za aina hii kandokando ya ziwa zilisimamishwa na wafugaji wa kwanza, takriban miaka 5,000 iliyopita, wakati mvua zilipopungua na ziwa likarudi nyuma. Kisha mwaka 2025 jarida la Science likachapisha utafiti uliofanywa na Waturkana pamoja na wataalamu wa jeni na wa afya, wakiwemo wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya: jeni iitwayo STC1 inausaidia mwili wetu kutunza maji na kuhimili lishe ya nyama, damu na maziwa, na mabadiliko hayo yalishika kasi karibu na kipindi kilekile cha nchi kukauka. Mawe, tabianchi na damu vikasimulia habari moja. Utafiti huohuo wa afya unaendelea kuonyesha kwamba miili iliyozoea malisho hupata shida inapohamia maisha ya mjini. Hilo ni swali la Lodwar leo, na mwanafunzi wa uuguzi, wa biashara na wa sosholojia wanaweza kuligawana kesho asubuhi.

Nanyi mnaoelekea Kakuma, nina neno lenu. Kambi ile ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na wamo watu wazima waliozaliwa ndani yake, wamehojiwa tangu wakiwa mgongoni mwa mama. Swali lenu kuhusu chakula halisikiki kwao kama swali la chuo. Linasikika kama la mtu anayepanga kupunguza mgao. Mtu atajibu kwa tahadhari, nanyi mtaandika tahadhari hiyo kama takwimu. Kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi vitawafungulia lango. Moyo wa mtu hufunguliwa na mtu anayerudi. Na kumbukeni wapo wanafunzi wenzenu waliokulia humohumo, wenye maswali bora kuliko ya vitabu. Waachieni waulize, msiwafanye wakalimani wenu tu.

Waheshimiwa wasimamizi, msitabasamu. Haya yote watoto wameyasoma kwenu. Mnapitisha mada ileile kwa kubadili jina la kata. Mnamkataza mwanafunzi wa uvuvi asiingie afya, kana kwamba samaki na tumbo havijuani. Wengine wenu mmeweka saini kwenye kazi iliyoandikwa na mtu wa saiba, na mlijua, kwa sababu Kiingereza chake hakikufanana na cha mtoto mliyemfundisha miaka minne. Wachache mno kati yenu wamewahi kuvuka hadi Longech kuona data ikikusanywa.

Nakiri kwamba hamna fedha, na hapo nawatetea. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliiahidi Hazina ya Kitaifa ya Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na ahadi hiyo haijatimizwa. Utafiti wa shahada ya kwanza Kenya hulipiwa na mzazi aliyeuza mbuzi. Ndiyo sababu ni dhambi kuufanya wa bure. Mbuzi huyo ameshakwenda. Angalau alete jibu.

Ombi langu ni hili. Njooni kwa makundi ya fani mbalimbali, kwa swali moja la mahali hapa. Chukueni kupanda kwa maji. Wa jiografia apime ufuo umesogea kiasi gani, wa afya ya jamii afuatilie vyoo vilivyozama na maji tunayokunywa, wa biashara afuate bei ya samaki mkavu kutoka hapa hadi sokoni, wa elimu atafute watoto waliohama shule walienda wapi, wa kompyuta atunze kumbukumbu zote mahali pamoja. Kila mmoja ataandika kazi yake na kupata alama zake, na sisi tutapata picha nzima. Mlipeni mkalimani, mwandikeni jina lake akikubali. Mkiona dhana yenu imeanguka, andikeni kwamba imeanguka; kwetu hilo nalo ni jibu. Kisha rudini na kurasa mbili za Kiswahili, mzisome mbele ya kamati ya ufuo, na nakala muiache katika maktaba ya Lodwar ili atakayekuja mwakani asianze pale mlipoanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Milango iko wazi kama zamani, na samaki wa kuwakaribisha wapo. Ila tangu sasa, kabla hatujajibu dodoso lolote, nanyi mtajibu maswali yetu matatu. Swali hili limetoka kwa nani? Ni nani wa fani nyingine anayeijua kazi yako? Utarudi lini? Asiye na majibu tutampa maji ya kunywa, tutamwonyesha boti ya kurudi Kalokol, na tutamsubiri muhula ujao akiwa amejiandaa.

Wenu kwa heshima na matumaini,

Mkazi wa Longech