Basi Haliwasubiri Wenye Adabu

Nyumba yenye mwanafunzi wa filamu haina siri. Ukikohoa, anaandika. Ukigombana na mbuzi, anaandika. Mpwa wangu kaagizwa na chuo aende na wazo la filamu fupi ya kuchekesha, dakika tano tu, na tangu aje likizo hapa Murungu, Kibondo, hakuna anayekula ugali wake wa muhogo kwa amani.

Wazo lake la kwanza: Muha, mtu wa kabila letu, kafika Dar es Salaam, anashangaa maghorofa, anaongea kwa lafudhi nzito, watu wanavunjika mbavu. Nikamwambia, mpwa wangu, hiyo tumeonyeshwa mpaka tumekinai. Kwenye vichekesho vya mjini Muha ni mlinzi, au ni mganga, au katoka mwisho wa reli kapotea stesheni. Leo wewe, mtoto wa Kibondo uliyesomeshwa kwa maharage ya mama yako, uende kumcheka babu yako, tena kwa mkopo wa serikali?

Akarudi na la pili: askari, bunduki na pikipiki zinazofukuzana kwenye vumbi jekundu. Nikamkumbusha kwamba sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976 na upigaji picha unataka kibali. Petroli nayo inataka hela, na macho yote pale nyumbani yalikuwa yananitazama mimi.

"Mjomba, mbona King Majuto alikuwa anachekesha?" akalalamika.

Alichekesha, Mungu amrehemu. Yule mzee wa Tanga aliyetutoka mwaka 2018 hakuhitaji pikipiki. Alisimama pale akiwa mtu anayetaka kitu kwa roho yake yote, pesa au mke, na dunia nzima inamwekea kigingi. Uroho wake tulikuwa tunaufahamu, ndiyo maana tulicheka.

Basi nikampa langu, bure. Kijana anawahi basi la alfajiri. Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya nyumba za wazee, na huku kwetu mzee hapitwi kwa kupungiwa mkono. Unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, unasalimia, "mwakeye," naye anaitikia. Mnaulizana wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Basi linapiga honi. Kijana anaharakisha makofi. Mzee, kwa upole wote, anauliza habari za shangazi aliyeolewa Buhigwe. Honi tena. Na mlango wa nyumba ya pili ndio kwanza unafunguliwa. Hakuna mjinga hapo, hakuna lafudhi ya kuazima. Kuna kijana mwenye adabu na dereva asiye nayo.

Mpwa akaruka kwa furaha, kisha akaanza kuliharibu. Eti aweke muziki wa kutisha. Eti kijana aote mabawa. Jirani kasikia kuna filamu, kaja kudai nyumba yake iwe ya kwanza njiani, maana yeye ni mkubwa kwa umri. Mwingine kanuna kwa sababu kwenye wazo hasalimiwi.

Ndipo akamwomba mama yangu, yaani bibi yake, wajaribu uani. Mama kajifunga khanga mpya, kakaa, kaanza kuitikia. Walipofika kwenye habari za ng'ombe, mpwa akatazama simu yake, akapaza sauti: "Simamisha!"

Mama akamkazia macho. "Unamsimamisha nani?"

Akaanza upya, kuanzia makofi.

Mpwa akajaribu kubembeleza: bibi, kwa ajili ya muda, si useme tu "mambo"? Sitaandika alichojibiwa, gazeti hili linaingia majumbani. Ila jioni kijana alikuwa anatunga barua kwa mwalimu wake, kuomba filamu iongezwe iwe ya dakika ishirini.

Mama akasema ishirini zitatosha kwa mzee wa kwanza, mradi mwaka huo hajafiwa.