Kujisomea Musaga

Kujisomea kwa ajili ya mtihani wa taifa ni kazi ya mtu mmoja inayofanyika ndani ya nyumba ya watu tisa. Nchini Burundi mtihani huo huja mwishoni mwa sekondari, na ndio unaompeleka mtu Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho asili yake ni Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura cha mwaka 1964. Kutoka Musaga, mtaa wa Bujumbura, hadi kampasi ya chuo hicho huko Mutanga ni safari fupi kwa mwenye nauli. Kwa alama, njia ni ndefu zaidi, na sehemu kubwa ya ajali hutokea kabla mtahiniwa hajatoka sebuleni.

Kazi huanza na ratiba. Ratiba nzuri huchorwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa rula na kalamu za rangi: hesabu saa kumi na moja alfajiri, fizikia baada ya chai, Kifaransa jioni, usingizi saa nne tu. Kuichora kunachukua usiku mzima, na mchoraji hulala ameridhika kabisa, utadhani amemaliza silabasi. Kesho yake anaamka saa moja. Kwa kuwa ratiba iliyoanza kwa kuchelewa haina heshima, huchorwa nyingine.

Kinachokosekana humo ni mambo ya nyumbani. Hakuna mstari wa kuchota maji wala wa kumbembeleza mdogo. Hakuna pia mstari wa mgeni aliyeteremka kutoka Ijenda kwa barabara ya taifa namba 7 na gunia lake la viazi, anayekaa karibu na meza na kuuliza, kwa upole wa kweli, kitabu hicho kinahusu nini. Mzazi naye ni mtetezi mkubwa wa elimu. “Soma, mwanangu, soma,” anasema, huku amenyoosha mkono wenye noti ya kununulia chumvi.

Umeme ukikatika, simu hugeuka taa. Hapo ndipo fizikia hupata mshindani, kwa sababu taa hiyo ina kundi la WhatsApp lililoundwa kwa ajili ya masomo. Saa kumi alfajiri mmoja huandika “Amkeni tusome.” Wengine huitikia, husalimiana, huombeana baraka, hutumiana picha ya kikombe cha kahawa, kisha hurudi kulala. Anayeleta swali la hesabu humo huonekana mkorofi kidogo.

Vifaa navyo vina hatari zake. Daftari la kaka aliyefaulu ni urithi wa thamani, lakini lazima liulizwe umri wake. Mageuzi ya mwaka 2013 yaliifanya shule ya msingi kuwa ya miaka tisa, ikifuatwa na miaka mitatu ya sekondari, na programu za masomo zikabadilika pamoja nayo. Yupo anayekesha na sura ambayo haiulizwi tena, akaijua kuliko mwalimu wake. Mwingine huletewa fotokopi za mtihani wa Kongo kutoka Uvira, ng’ambo ya mpaka. Ule kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, kwa hiyo mkono wake huzoea kuweka alama ya vema. Akiketi mbele ya swali linalotaka aya nzima, hutafuta herufi ya kuzungushia asiione.

Kosa lenye gharama kuliko yote, hata hivyo, halina kelele. Ni kusoma daftari lile lile mara ya tano kwa kalamu ya njano. Mara ya kwanza hupakwa rangi yaliyo muhimu, mara ya pili yaliyoonewa, na mara ya tano ukurasa wote ni njano isipokuwa tarehe. Msomaji hupita mistari anayoifahamu sura, akadhani anajua yaliyomo. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma makala na waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Mtihani wa taifa, bahati mbaya, haufanyiki baada ya dakika tano.

Kwa hiyo njia inayopandisha alama ni ile isiyopendeza kuitazama: daftari linafungwa, swali la mwaka uliopita linawekwa mezani, saa inatazamwa, na mtu anaandika anachokijua, ambacho siku ya kwanza huwa mistari mitatu. Makosa yake ndiyo ratiba ya kesho, na hayahitaji rula. Sura iliyokwama hurudiwa baada ya siku kadhaa. Tangu mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha kwamba mafunzo yaliyogawanywa siku mbalimbali hushinda ya kulimbikiza.

Kikundi cha majirani kina faida, kwa sharti moja. Chini ya mwembe, vijana wa Musaga hueleza usanisinuru kwa Kirundi na Kiswahili kwa ufasaha wa kumtoa mwalimu machozi. Karatasi huja kwa Kifaransa, na maelezo yale yote hufika hapo yamepungukiwa na vitenzi. Mabishano yafanyike kwa lugha yoyote. Jibu liandikwe kwa ile itakayosahihishwa.

Usiku wa mwisho hauongezi kitu zaidi ya kope nzito. Ya kuulizwa ni kama kalamu zipo mbili, kitambulisho kipo wapi, na nani aliahidi kumwamsha mtahiniwa. Kwa kawaida aliyeahidi ndiye anayeamshwa. Mtihani ukiisha, watahiniwa hukusanyika nje ya geti kulinganisha majibu ya hesabu. Wawili hupata 12, mmoja hupata 0.12, na aliyekuja bila kujisomea kabisa hupita akisema mtihani ulikuwa mwepesi.