Babu Amenisukumia Toroli

Shangazi, shikamoo. Nisalimie wote hapo Tanga, hasa wale walioniaga wakisema nitarudi nimekonda kwa kula mikate mitupu.

Nipo Florida kwa binamu, na mgeni wa hapa hamalizi wiki hajapelekwa Publix. Ni supamaketi ya kusini-mashariki mwa Marekani; ukienda New York au California huikuti. Ukiwaambia wenyeji kuna duka jingine zuri, wanakuonea huruma.

Mlangoni tu, hata mboga hujaziona, umewekewa mzani mrefu wa kupimia watu. Bure, na hadharani! Mwanzilishi wa Publix, George Jenkins, alifungua duka la kwanza mwaka 1930 mjini Winter Haven. Enzi zile nyumba nyingi hazikuwa na mizani, akaiweka madukani, nayo ipo hadi leo. Nikapanda. Mshale ukatulia kwenye 187. Mama mmoja nyuma yangu akageuza uso kwa adabu. Binamu akaniacha kwanza nimalize istighfari, ndipo akasema hizo ni ratili, si kilo. Tukagawanya, tukapata 85. Wale wa kukonda wajulishwe.

Lawama apewe kuku. Ndani kuna kaunta wanapochukua mkate wa futi moja, wanaupasua na kuujaza kuku wa kukaanga asiye na mfupa, jibini, saladi na achari ya matango. Anayekutengenezea ana maswali kuliko kadhi: mkate gani, jibini gani, upashwe moto, kitunguu unakubali? Saa sita mchana foleni ni ndefu na hakuna anayenung'unika.

Sasa nikusimulie kilichonipata kwa keshia. Nimeshalipa, akaja mzee wa mvi tupu, makamo ya marehemu babu. Akapanga vitu mifukoni, mayai juu ya yote, akashika toroli: twende garini. Mimi, mtoto niliyelelewa na wewe, nibebewe mzigo na mzee? Nikashika upande wangu, naye kashika wake. Tukavutana kwa heshima zote mpaka mlangoni, yeye anatabasamu, mimi namwomba radhi. Akanishinda nguvu. Garini nikampa dola 2, akanirudishia: bahashishi haipokelewi, ndio utaratibu wa duka.

Njiani binamu ndiye akanimaliza kabisa. Hisa za Publix hazipatikani soko la hisa. Sehemu kubwa inamilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo, Shangazi, huenda yule aliyenisukumia toroli juani ni mmoja wa wenye duka, nami nilitaka kumpa dola 2 za soda.

Visheti huku havipo. Atakayekuja mwezi wa nane mpeni kopo zima, na mwambieni mapema: toroli asiligombanie.