Maiti Saba Sebuleni

Siku nilipomwambia jirani kwamba kamba wangu wamekufa, alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa.

"Kamba hazifi, Baba Neema," akasema. "Zinakatika."

Nikamweleza kuwa si zile za kufungia mbuzi, ni kamba wa majini, wale wenye miguu mingi na sharubu. Akafikiri. "Basi usinipige kamba. Mtu mzima na akili zako unafuga kamba?"

Nilimwelewa. Sisi wa Simbo hatuishi ufukweni. Mambo yetu ni michikichi na mihogo, na ziwa hutufikia likiwa limeshakaushwa: dagaa kwenye gunia, mgebuka kwenye tenga, juu ya bodaboda. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba samaki wenye madoadoa wa miambani, hawa hawa wa Kigoma, hupandishwa ndege wakiwa hai kwenye mifuko ya maji wakakae kwenye sebule za watu Ulaya na Marekani. Roho ikaniuma. Kama Mjerumani anaweza kunywa chai yake huku akitazamana na samaki wa kwetu, mimi nimekosa nini?

Samaki niliona watanishinda. Kamba je? Ziwa Tanganyika lina kamba wake wadogo, aina zaidi ya kumi ambazo huzikuti popote pengine duniani. Wanajificha kwenye mawe, wengi hawafiki sentimita tatu, na miili yao ni kama kioo. Ukimtazama unaona chakula kikishuka. Mpwa wangu akaenda Bangwe na chujio la chai, akarudi na arobaini ndani ya ndoo iliyowahi kubeba mawese, pamoja na madumu mawili ya maji ya ziwa. Walipofika Simbo walikuwa thelathini na wanne. Dereva wa bodaboda aliapa hakufungua.

Asubuhi ya siku ya nne nikakuta maiti saba chini ndani ya tangi nililowawekea sebuleni.

Niliwatoa kwa kijiko, nikawapanga juu ya kipande cha gazeti. Neema, ambaye ana miaka sita, akalia. Tukachimba shimo dogo chini ya mpapai, tukawazika, mwanangu akaimba wimbo wa shule ya Jumapili. Mimi nilisimama kofia mkononi. Kisha nikarudi ndani kuhesabu waliobaki: thelathini na wanne. Nikahesabu tena. Thelathini na wanne.

Mke wangu aliuliza kwa sauti ya upole kama huwa nawafundisha watoto wa watu hesabu kwa mtindo huo.

Jibu nililipata Ujiji, kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Nilimwamkia shikamoo, nikamsimulia kisa chote, pamoja na wimbo. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka. "Hizo ni nguo, mwanangu! Kamba akikua, anavua gamba lote, kuanzia sharubu mpaka mkia, anaota jingine. Wewe umezika nguo." Akanifundisha kutofautisha: nguo hubaki angavu kama nailoni, na ndani hamna mtu, maiti hupauka, huwa nyeupe kama maziwa au na wekundu wa kuchemshwa. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyefutiwa deni.

Wiki iliyofuata wakaanza kufa kweli.

Wa kwanza kushukiwa ulikuwa ugali. Nilikuwa nawapa tonge kila jioni, maana mgeni halali njaa kwangu. Mwalimu mwenzangu wa kemia alikuja, akanusa tangi, akarudi nyuma hatua mbili. Ugali unaooza hutoa amonia, akasema. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata asilimia moja. Kwenye maji ya ziwa letu, ambayo pH yake inakaribia 9, hufika kama theluthi. Kwa hiyo tonge moja linalosamehewa kwenye maji ya kisima, kwenye maji ya Tanganyika ni mauaji. Walibaki ishirini na sita.

Nikaamua kusafisha. Nikamwaga karibu maji yote kwa siku moja, nikajaza ya mvua kutoka kwenye bati. Maji ya mvua ni matamu kwa chai, ila hayana chokaa wala chumvichumvi anazohitaji kamba kukazia gamba jipya, na bati nalo huyatia zinki. Hapo sitachelewa sana. Ishirini.

Kosa lililofuata nalitaja kwa aibu zaidi. Mwalimu yule, akiwa anakunywa chai yangu, alidokeza kwamba damu ya kamba haina chuma kama yetu, hewa yake hubebwa na shaba, na ndiyo maana damu hiyo huwa na rangi ya buluu. Nikalala na neno hilo. Mama mjamzito akipungukiwa damu, zahanati humpa vidonge vya chuma. Kamba wangu wamedhoofika. Basi? Asubuhi nikachuna waya wa redio mbovu, nikasokota shaba yake vizuri kama bangili, nikaizamisha.

"Damu yako wewe ina chuma," mwalimu akaniambia jioni, tukiwa tumesimama mbele ya tangi. "Ukiumwa, umeza msumari."

Kumbe shaba ikizidi kidogo tu majini, kamba ni miongoni mwa wa kwanza kufa. Kumi na moja.

Sasa nilikuwa nimeondoa ugali, bati na bangili. Mpwa wangu aliniletea maji mapya ya ziwa, nikawa nabadilisha jagi moja moja kwa siku. Bado wakawa wanakufa, mmoja leo, wawili kesho, wakitetemeka na kuzunguka hovyo kama walevi kabla ya kulala chali. Hapo nikamkumbuka paka.

Paka wetu alikuwa na tabia ya kukaa juu ya kabati akilitazama tangi bila kupepesa. Nilikwishamjua tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana tangu siku ya kwanza nililifunika tangi kwa chandarua. Kipya kabisa, cha bure, kilichotoka kwenye mfuko siku hiyo hiyo. Sasa nikakikunja mara mbili, nikakichomeka pembeni barabara mpaka ncha zikachovya majini. Mapovu ya pampu yakawa yanapasuka juu yake na kudondoka tena ndani, tone kwa tone.

Ni mke wangu aliyeuokota ule mfuko, akitafuta cha kuwekea pilipili. Akausoma kwa sauti. Chandarua kina dawa. Kisifuliwe kwenye mto wala ziwa.

Kimya.

Dawa ya chandarua ni ndugu ya ile ya maua ya pareto, ila imetengenezwa kiwandani. Imeundwa kumwangusha mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mtu akilala ndani yake hapati madhara. Lakini kamba na mbu ni binamu: wote hawana mifupa, wote wamevaa gamba, wote wana miguu ya kukunjikakunjika. Dawa haikuuliza nani anaishi nchi kavu na nani majini. Mimi niliyemzuia paka mlangoni nilikuwa nimempakia muuaji darini.

Nilikitoa. Nikawahamishia wanne waliobaki kwenye ile ndoo ya mawese, nikaosha tangi na mawe yake mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikaagiza maji mengine. Wiki tatu zikapita bila msiba. Nikaanza kuokota nguo, na kila nikiokota moja Neema huuliza kama tunazika.

Tangi sasa liko wazi. Jioni ya kwanza tulipolala bila kulifunika, niliamka usiku nikamkuta paka amesimama ukingoni. Sikupumua. Akainama, akanywa maji, akajilamba mdomo, akashuka kwenda jikoni kwenye dagaa.